Treni Haijawahi Kufika Suneka

Mvua ya huku kwetu haina hodi. Saa nane kuna jua la kukausha mahindi, saa tisa kila mtu amejibanza chini ya mabati ya mtu mwingine. Siku hiyo tulijibanza kwa fundi wa simu, hapo karibu na steji ya Suneka, kando ya barabara ya Kisii kwenda Migori. Fundi huyu hatengenezi simu peke yake. Ndiye anayewajazia madereva wa matatu nyimbo kwenye flash, na spika yake kubwa hukaa mlangoni kutwa nzima.

Tulikuwa saba: fundi mwenyewe, wasee wawili wa boda, makanga mmoja ambaye gari lake lilikuwa gereji, dada anayeuza maparachichi, mimi, na sokoro, yaani babu yangu, aliyekuja kununua betri za redio. Spika ilikuwa inacheza "The Gambler" ya Kenny Rogers. Kama umekulia magharibi mwa Kenya, sina haja ya kukueleza. Country ni muziki wa kwetu, hata kama walioutunga hawajui.

Wimbo ulipoisha, msee mmoja wa boda akasema huo ndio wimbo bora wa kamari duniani, na kwamba yeye huusikiliza kila Jumamosi kabla hajabeti. Sokoro, ambaye tulidhani amesinzia, akasema bila kufungua macho:

"Huo si wimbo wa kamari. Huo ni wimbo wa treni."

Tukacheka. Fundi akaurudisha mwanzo, safari hii tukasikiliza. Mzee alikuwa sahihi. Habari yote ile inatokea ndani ya treni, usiku, kati ya wasafiri wawili waliokosa usingizi. Mcheza kamari anatoa mawaidha yake, halafu anafariki humo humo safarini. Don Schlitz aliutunga mwaka 1976, Kenny Rogers akautoa mwaka 1978, na mimi nimeuimba tangu darasa la tatu bila hata siku moja kuona hiyo treni.

Basi hapo ndipo ubishi ulipoanza. Kama huo ni wimbo wa treni, je, ndio bora? Na mbaya kuliko wote ni upi? Mvua ilikuwa haina mpango wa kuisha, kwa hivyo tukaweka sheria: kila mtu ataje wimbo mmoja anaoupenda na mmoja asiotaka kuusikia, na ajitetee.

Kabla sijakusimulia nani alisema nini, kuna jambo unafaa kujua. Kati ya watu saba waliokuwa kwenye duka lile, watano hawajawahi kupanda treni. Watatu hawajawahi hata kuiona kwa macho. Suneka ina barabara ya lami, ina soko, ina hata uwanja mdogo wa ndege. Reli haina. Kisii yote haina, na Nyamira haina.

Si kwamba reli ilikuwa mbali sana. Kazi ya kuijenga ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na tarehe 20 Desemba 1901 ikagusa Ziwa Victoria mahali walipopaita Port Florence, ndiyo Kisumu ya leo. Vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India kuijenga, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Kutoka hapo Kisumu mpaka milima yetu ni safari ya asubuhi moja. Lakini reli ilikuwa inatafuta ziwa na Uganda, haikuwa inatutafuta sisi. Ilipopewa tawi la pili, ikapita Eldoret kwenda Malaba, na mwaka 1931 ikafika Kampala. Upande wa kusini wa ghuba ukabaki vile vile.

Kilichotufikia ni mkono wake. Meli za mvuke za ziwani zilikuwa za reli hiyo hiyo, na bandari yetu ikawa Kendu Bay: mzigo unatoka Kisii kwa barabara, unapakiwa melini Kendu, unashushwa Kisumu, ndipo unapanda behewa. Njia hiyo ilileta bati, chumvi na nguo. Ilileta pia bunduki. Mwezi Septemba 1914, Wajerumani walipovuka mpaka wakauteka mji wa Kisii, askari wa KAR waliotumwa kuwakabili walitoka Kisumu kwa meli, wakateremka Kendu, wakapanda huku kwa miguu. Miaka michache kabla ya hapo, mwaka 1908, Otenyo alipomchoma mkuki afisa wa Kiingereza aitwaye Northcote, adhabu iliyowashukia Abagusii ilitumwa na serikali ambayo tayari ilikuwa na reli mgongoni.

Kwa hivyo sisi ni watu ambao treni imetuathiri bila kutubeba. Sasa rudi dukani uone watu kama hao wanapenda wimbo gani.

Msee wa boda wa kwanza alibaki na "The Gambler". Alisema wimbo una hekima, na kwamba mtu anayejua wakati wa kuacha ndiye anayefika nyumbani na pesa. Dada wa maparachichi akamjibu kwamba huo ndio wimbo mbaya kuliko wote. Kwa nini? Kwa sababu yule mzee anamfundisha kijana kamari na anataka alipwe pombe na sigara, na watu wanauita huo ushauri. "Zunguka Suneka," akasema, "uhesabu nyumba ambazo kiti kimeuzwa, kuku ameuzwa, kwa sababu ya kubeti. Halafu uniletee huyo Kenny." Hakuna aliyecheka sana. Tunajua nyumba hizo.

Wake wa kupenda ulikuwa Mugithi. Hapa pakawa na zogo, maana makanga alidai Mugithi si wimbo, ni aina ya muziki. Ukweli ni kwamba ni vyote. Mugithi ni neno la Kikuyu la gari-moshi. Ni wimbo, na ni mchezo ambao watu hujipanga mstari mmoja, kila mtu ameshika kiuno au mabega ya aliye mbele yake, mstari ukazunguka ukumbi kama mabehewa. Kuanzia miaka ya tisini jina hilo likaenea likawa la usiku mzima wa mtu mmoja na gita lake kwenye baa za Nairobi na Kati, watu kama Mike Rua wakapata majina, na leo Samidoh anajaza kumbi mpaka ng'ambo.

"Hizo zenu mnakaa mnasikiliza," dada akasema. "Yangu watu wanapanda."

Na ni kweli. Nenda harusi yoyote huku, hata ile ambayo hakuna Mkikuyu hata mmoja. Ikifika saa kumi jioni, MC akipiga wimbo huo, mama mkwe anatoka kwenye kiti, kaka wa bwana harusi anatoka nyuma ya hema alikokuwa anakunywa soda isiyo soda, mstari unaungwa, unazunguka keki, unapita jikoni kwenye masufuria, unarudi. Hiyo ndiyo treni ya pekee ambayo nimeona ikipita Suneka. Msee wa boda wa pili akasema hapo amekubali, kura yake imeenda.

Makanga alichagua "Zion Train" ya Bob Marley, kwenye albamu ya Uprising, 1980. Ukimwuliza kwa nini atakwambia ni kwa sababu reggae ndiyo inayoendesha gari usiku. Nikamweleza kwamba Jamaica ilipata reli mwaka 1845, zaidi ya nusu karne kabla yetu, na kwamba treni za abiria kule zilisimamishwa mwaka 1992. Yaani vijana wa Kingston leo wanaimba treni wasiyoipanda, sawasawa na sisi. Akasema hajali, kwa sababu treni ya Marley haikuwa na reli tangu mwanzo, ilikuwa inaenda mbinguni. Wimbo mbaya kwake ulikuwa wowote ule wa kusifu SGR. "Tangu 2017 wananiimbia Madaraka Express. 2019 ikafika Naivasha ikakaa. Mimi nawaimbia nini abiria wangu, wateremke Naivasha?"

Fundi ndiye mjuzi wetu. Yeye alileta "Stimela" ya Hugh Masekela, ya mwaka 1974, akaicheza yote, na ni ndefu. Kama huijui, ni habari ya treni iliyokuwa ikiwazoa wanaume kutoka Malawi, Zambia, Msumbiji, Lesotho na kwingineko kote kusini, kuwapeleka kuchimba migodi ya Johannesburg. Masekela mwenyewe alizaliwa Witbank, mji wa makaa ya mawe, mwaka 1939, na bibi yake alikuwa akiwauzia pombe wachimba migodi, kwa hivyo hadithi hizo alizisikia kutoka kwa wenyewe, wakiwa wamelewa na wamekumbuka nyumbani. Kwenye wimbo anageuza koo lake kuwa injini. Fundi alisema ukisikia "Shosholoza" kwenye mechi ya Afrika Kusini unadhani treni ni kitu cha kufurahisha, ingawa huo nao ulianza kama wimbo wa vibarua Wandebele waliotoka Zimbabwe. "Stimela" haikuachii nafasi ya kujidanganya.

Msee wa boda wa kwanza akasema basi huo ndio mbaya kwake: mrefu, wa huzuni, na abiria atashuka kabla hajalipa. Fundi akakasirika kidogo, akataja wake mbaya: "Love Train" ya The O'Jays. Tukashangaa, maana huo kila mtu anaupenda. Akasema tusikilize vizuri. Waimbaji wanazialika nchi kwa majina, Urusi, China, Misri, Israeli, halafu wakifika kwetu wanasema Afrika, basi, kana kwamba Afrika nzima ni stesheni moja. "Nauliza, mimi wa Suneka napandia wapi?"

Hapo ndipo sokoro alipofungua macho.

Sokoro aliingia kazi ya reli mwaka 1959, akiwa kijana ambaye hajaoa. Alianza kwa kusafisha injini karakana ya Nairobi, baadaye akawa mchochea moto. Alifanya kazi kwenye zile injini kubwa za Garratt za daraja la 59, kila moja na jina la mlima wa Afrika Mashariki. Zilikuwa 34, kila moja na uzito wa zaidi ya tani 250, na hakukuwa na injini kubwa kuzipita kwenye reli yoyote ya upana wa mita moja duniani. Mbili bado zipo kwenye Makumbusho ya Reli pale Nairobi, Mount Gelai na Mount Shengena. Nilipokuwa chuo nilienda kuziona, nikampigia picha. Alipoiangalia ile picha kwenye simu aliuliza swali moja tu: nani anaipaka mafuta?

Dukani alianza kwa kumrekebisha fundi. Treni ya Masekela, akasema, ilikula makaa. Zetu zilikula mafuta. Mchochea moto wa Kenya hakuwa na sepetu mkononi kama kwenye sinema. Alikuwa na valvu, na kazi yake ilikuwa kuangalia moshi. Ukiwa mweusi unapoteza mafuta, ukiwa hauonekani kabisa unapoteza nguvu. "Nyimbo nyingi za treni," akasema, "zimeimbwa na watu waliokaa kwenye viti."

Dada akamwuliza, "Sokoro, wewe wimbo gani mbaya?"

Alisema wowote unaoanza na honi.

Tulingoja atueleze, akachukua muda wake. Kila likizo, alisema, alikuwa akipanda treni ya usiku Nairobi, anaamka Kisumu, anachukua basi la Ahero, Sondu, Oyugis, mpaka Kisii, kisha anateremka Suneka kwa miguu au kwa lori. Siku mbili za kuja, siku mbili za kurudi, katikati wiki mbili. Magokoro, bibi yangu, alizaa watoto sita katika wiki mbili mbili hizo. Honi haikusikika Suneka, lakini jioni ile ya kurudi, akiwa stesheni ya Kisumu, honi ikilia ilimaanisha kwamba hata kama amesahau kumwambia mtu jambo, basi, hadi mwakani. "Watu wanasikia honi wanasema safari," alisema. "Mimi nilikuwa nasikia mlango ukifungwa." Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na reli ikagawanywa, naye akabaki miaka miwili zaidi, kisha akarudi nyumbani moja kwa moja. Baba yangu alikuwa na umri wa miaka 12 na hakuwa amemzoea.

Kulinyamaza kidogo. Mvua ikasaidia.

Zamu yangu ikawa imefika, na nilikuwa na wimbo mfukoni ambao nilijua hakuna aliyewahi kuusikia. Ili uuelewe ilibidi kwanza nicheze mwingine, "Waiting for a Train" ya Jimmie Rodgers, 1928. Kosa langu ni kwamba unaanza na honi, aliyoipiga kwa mdomo. Sokoro aliinua mkono, fundi akaruka sekunde kadhaa mbele.

Jimmie Rodgers alizaliwa karibu na Meridian, Mississippi, mwaka 1897, baba yake akiwa msimamizi wa vibarua wa reli. Yeye mwenyewe alikuwa mfunga breki wa mabehewa, na sehemu ya muziki wake aliipata kwa vibarua Weusi waliokuwa wakiimba huku wakinyoosha reli. Mwaka 1924 akaambiwa ana kifua kikuu. Kazi ya reli ikamshinda, akashika gita, na mwezi Agosti 1927 akarekodi kwa mara ya kwanza, mjini Bristol. Huo wimbo wa kungoja treni ni wa mtu asiye na nauli, aliyetupwa nje ya behewa mbali na kwao, anayetafuta njia ya kurudi. Alipokuwa akiimba alivunja sauti ikapanda juu ghafla, ile wanayoiita yodel, na dunia nzima ikamjua. Mwezi Mei 1933, New York, alirekodi nyimbo zake za mwisho akilala kitandani kati ya wimbo na wimbo. Siku chache baadaye akafa, akiwa na miaka 35. Treni ikampeleka kwao Meridian akiwa ndani ya jeneza.

Santuri zake hazikufa. Zilizunguka, na baadhi zikafika Kericho, kwa Wakipsigis, zikachezwa kwenye gramafoni za kuzungushwa kwa mkono. Mwaka 1950, Mwingereza aitwaye Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika na mitambo yake akirekodi muziki, alifika Kapkatet. Kapkatet si mbali na hapa: unapita Kisii, Keroka, Sotik, na siku ambayo polisi hawajasimamisha gari kila kona unafika kwa saa mbili hivi. Huko alirekodi nyimbo tatu zenye jina moja, Chemirocha. Litamke polepole. Che-mi-ro-cha. Jimmie Rodgers.

Wa tatu ndio unaojulikana zaidi. Wanaimba wasichana, wakiongozwa na Chemutoi Ketienya, kwa kinubi cha Kikipsigis, ndugu mdogo wa obokano yetu. Kwa maelezo ya Tracey, mabinti hao walikuwa wamesikia sauti ya yule mtu bila kumwona, na hawakuamini kwamba ni mtu kamili. Wakamfanya nusu mtu, nusu paa. Na kwenye wimbo wanamwita aje acheze nao, acheze sana, mpaka kaptura imvuke.

Fundi akaunganisha simu yangu na spika. Wimbo ni mfupi, hauzidi dakika mbili. Kinubi kinarudia mzunguko ule ule, sauti za wasichana zinaingia, jina linasikika wazi, halafu umeisha. Dada akasema ucheze tena.

Ubishi ukalipuka. Makanga akasema nimedanganya, kwani hakuna treni humo. Hakuna honi, hakuna stesheni, hakuna hata neno reli. Wimbo kuhusu mtu aliyewahi kufanya kazi ya treni si wimbo wa treni, la sivyo hata wimbo wowote ambao sokoro angeimba bafuni ungekuwa wa treni. Fundi akaniunga mkono nusu: alisema ni wimbo mzuri ila umekosea kategoria.

Nilijitetea hivi, na bado ninaamini.

Chukua nyimbo zote tulizotaja uangalie treni inafanya nini ndani yake. Ya Kenny Rogers inamchukua mzee mpaka kifo. Ya Masekela inawazoa wanaume. Ya Marley inaondoka, uwahi au uachwe. Ya Rodgers mwenyewe imemtupa mtu kando ya njia. Hata ile ya O'Jays inapita tu ikikusanya. Kwenye nyimbo hizo zote mtu anaondoka, na wimbo unaondoka naye. Hakuna hata mmoja unaokaa na aliyebaki.

Wasichana wa Kapkatet ndio waliobaki. Reli walikuwa wanaijua kwa mbali, maana ile ya Kisumu inapita Lumbwa, siku hizi Kipkelion, lakini kijijini kwao haikufika. Walipoletewa sauti ya mtu wa treni kutoka upande wa pili wa dunia, waliitoa treni wakaacha mtu. Halafu wakafanya jambo ambalo hakuna mwimbaji mwingine wa treni aliyelifanya: wakamwambia aje. Aje hapa, acheze hapa. Mtu ambaye maisha yake yote alikuwa akiimba kuhusu kurudi nyumbani akiwa hana nauli, mabinti ambao hawakuwahi kumwona walimpa mahali pa kufikia, miaka 17 baada ya kufa kwake.

Miaka zaidi ya 60 baadaye rekodi hizo zilirudishwa huko kwa Wakipsigis kutoka kwenye maktaba ya muziki ambayo Tracey aliianzisha Afrika Kusini, na wakapatikana wazee waliozikumbuka. Hilo pia nililipenda. Ni mzigo mmoja uliosafirishwa nje ukarudi.

Niliwaambia hayo yote, ila kuna moja sikuwaambia. Mimi niliacha chuo nikiwa mwaka wa tatu. Karo ilikwama, nikasubiri muhula mmoja, nikasubiri wa pili, halafu usiku mmoja nikapanda mathree ya Kisii na begi moja. Tangu hapo kila anayekutana nami Suneka ana swali lile lile: unarudi Nairobi lini? Hawana ubaya. Huku kwetu kijana aliye nyumbani ni kijana aliyechelewa gari. Tangu enzi za mashamba ya chai ya Kericho, tangu enzi za sokoro, mtu mzima ni yule aliyeondoka. Tuna nyimbo za kumsindikiza mtu nyingi mno, na mimi nilikuwa natafuta moja tu inayosema karibu. Ndiyo maana wimbo wa wasichana waliomwita mgeni asiyekuwepo umekaa kwenye simu yangu mwaka mzima.

Mvua ikapungua. Tukapiga kura haraka kabla watu hawajatawanyika. Mugithi ilipata tatu: dada, msee wa boda wa pili, na makanga, aliyemsaliti Marley dakika ya mwisho akisema hata mbinguni watu watashikana mabega. "The Gambler" moja. "Stimela" moja. Chemirocha moja, ambayo ni yangu. Wimbo mbaya hatukukubaliana, maana kila mmoja alikuwa ameutukana wa mwenzake.

Sokoro alikataa kupiga kura. Alisema mtu aliyelipwa mshahara na treni hafai kuwa hakimu. Alilipia betri zake, akasimama, akajaribu goti lake kwanza kama afanyavyo, kisha akamgeukia fundi.

"Ule wa wasichana," akasema. "Unaweza kuingia kwenye redio yangu?"

Fundi akamweleza kwamba redio ile ina nafasi ya flash ubavuni, ila anahitaji flash. Nikamnunulia. Tuliweka huo mmoja peke yake, kwa sababu alisema mingine hataki, na tukapanda njia ya nyumbani kwenye matope, mimi nikimshikia mkono, yeye akiniuliza kama wale mabinti wako hai bado na kama Chemirocha alikuja.